Mchango, muda au kiti cha kamati: kipi kinaisaidia zaidi shule ya mtoto wako?

Muhula ukianza, shule humwomba mzazi mambo matatu kwa mpigo: toa mchango, njoo usaidie siku fulani, na nani yuko tayari kuingia kwenye kamati. Wengi wetu hukimbilia la kwanza kwa sababu ndilo linaloisha haraka. Unalipa, unapewa risiti, unaondoka. Si vibaya, lakini huenda sicho shule inachokihitaji kutoka kwako. Na kwa babu au bibi ambaye asubuhi zake ziko wazi, mara nyingi ndilo chaguo dhaifu kuliko yote.

Mtafiti Joyce Epstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins aliugawa ushiriki wa wazazi katika mafungu sita: malezi, mawasiliano na shule, kujitolea, kujifunza nyumbani, kushiriki maamuzi, na kushirikiana na jamii. Mgawanyo huo unamfaa mwalimu mkuu anayepanga mwaka mzima. Mzazi mwenye jioni moja tu kwa wiki anataka kujua kitu kingine: akiacha hili na kushika lile, shule inapata nini na inakosa nini? Kwa hiyo hapa nayaweka machaguo bega kwa bega, na pale moja linapolishinda jingine nitasema.

Kabla ya kuchagua lolote, jiulize una nini cha kutoa bila kujidanganya, shule imepungukiwa nini hasa, na ukiacha, kitu gani kitaendelea bila wewe. Hilo la mwisho watu hulisahau kabisa.

Fedha au vitu

Watu hupenda kutoa vitu kwa sababu vinaonekana. Kompyuta inapigwa picha siku ya makabidhiano. Fedha iliyoingia kwenye akaunti ya shule haina picha, na hofu kwamba italiwa si hofu ya bure. Ila kitu ambacho hakikuombwa kina gharama zake. Kompyuta kumi za msaada zinataka umeme, chumba chenye kufuli, fundi, na mwalimu anayejua kuzitumia. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo vinne, zinaishia stoo.

Vitabu navyo vina mambo yake. Fungua sanduku la vitabu vilivyokusanywa majumbani: utakuta kamusi iliyong'oka jalada, mwongozo wa mtihani wa mtaala uliokwisha kubadilishwa, riwaya ya watu wazima, ripoti ya semina fulani, na labda vitabu vitatu ambavyo mtoto wa darasa la pili anaweza kuvisoma. Mwalimu hawezi kukataa mbele ya aliyeleta. Anashukuru, anapokea, na kazi ya kuchambua inabaki yake.

Hata kitabu sahihi chaweza kumkosa mlengwa. Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walizilinganisha shule za vijijini magharibi mwa Kenya zilizogawiwa vitabu rasmi vya kiada na nyingine ambazo hazikugawiwa. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2009, yaliwashangaza wengi: wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa tayari wanafanya vizuri. Vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa watoto wengi wa huko, na wengi hawakuweza kuvisoma. Ukiwauliza wazazi popote kitu cha kwanza cha kununulia shule, karibu wote watajibu vitabu, na mimi ningekuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Kwa hiyo naipa fedha ushindi, kwa masharti mawili: kazi yake itajwe kabla haijakusanywa, na matumizi yake yabandikwe kwenye ubao wa matangazo muhula ukiisha, pamoja na nakala za risiti. Shule isiyokubali la pili, bora uipe kitu. Lakini kiwe kitu ambacho mwalimu amekitaja mwenyewe. Muulize hivi: "Mwalimu, muhula huu darasa lako linakwama kwa kukosa nini?" Jibu huwa dogo kuliko ulivyotarajia. Penseli za akiba kwa wanaokuja mikono mitupu. Karatasi za manila. Taulo za kike za kuwekwa ofisini kwa matroni, ili msichana asirudi nyumbani saa nne asubuhi.

Kuna na pambano la hafla ya kuchangisha na mchango mdogo wa kila mwezi. Hafla ina shangwe, lakini fanya hesabu yake yote. Katika kila mia inayoingia, toa mahema, viti, spika, chakula, na usafiri wa mgeni rasmi. Kisha toa siku ambazo walimu wameacha kufundisha wakikimbizana na maandalizi. Kinachobaki huenda kisifike nusu. Mchango mdogo wa kila mwezi hauna makofi, ila shule inaweza kuupangia bajeti kwa sababu inajua unakuja. Sifa ya hafla ni kwamba wazazi wanafahamiana, na wanaofahamiana hupigiana simu mtoto wa mmoja wao akionekana mahali asipotakiwa kuwa saa za masomo. Ningeifanya mara moja kwa mwaka, na ningeiita sherehe bila kuitarajia ijenge darasa.

Jambo moja halina mjadala kwangu. Mchango unaomfanya mtoto arudishwe nyumbani kwa sababu mzazi wake hajalipa umeshaacha kuwa msaada kwa shule, hata kama umejenga ukuta.

Saa moja shuleni: inatumika wapi?

Kuna jaribio ambalo kila mzazi angepaswa kulijua, kwa sababu liliweka machaguo mawili kando kwa kando katika eneo moja. Mwaka 2005, katika wilaya ya Jaunpur, jimbo la Uttar Pradesh nchini India, shirika la Pratham na kundi la watafiti akiwemo Abhijit Banerjee na Esther Duflo walivigawa vijiji 280 katika makundi. Katika baadhi, wazazi waliitwa mikutanoni wakaelezwa hali ya shule zao na haki za kamati zao. Katika vingine, juu ya mikutano hiyo, watu wa kijijini waliojitolea walifundishwa mbinu nyepesi ya kufundisha kusoma, wakaanzisha madarasa ya kusoma nje ya saa za shule. Mikutano peke yake haikubadilisha kitu: wazazi hawakuibana shule zaidi, watoto hawakusoma vizuri zaidi. Madarasa ya kujitolea yaliwainua sana watoto waliohudhuria, hasa wale ambao hata herufi hawakuzijua. Dosari ni kwamba waliohudhuria walikuwa takriban asilimia 8 tu ya watoto wote.

Hapo umepewa pande zote mbili za mizani. Saa ya mtu mzima anayekaa na mtoto mbele ya maandishi ina uzito mkubwa, lakini inawafikia wachache. Ndiyo maana shule ikikubali saa hiyo iwe ndani ya ratiba, pale watoto wote wapo, faida inaongezeka.

Na hapa ndipo babu na bibi wanapowaacha wazazi mbali. Ufaransa, tangu 1999, mpango wa Lire et faire lire ulioanzishwa na mwandishi Alexandre Jardin huwachukua watu wa miaka 50 na kuendelea wakawasomee hadithi watoto wachache wachache shuleni. Marekani, Experience Corps ilianza miaka ya 1990 kwa wazo linalofanana. Mjini Baltimore waliojitolea walikuwa wa miaka 60 na zaidi, na kila mmoja alitoa saa 15 kwa wiki. Watafiti waliowafuatilia hawakuangalia watoto tu. Waliona kwamba wazee wenyewe walikuwa wakitembea zaidi na kupata watu wengi zaidi wa kuwategemea. Saa 15 ni nyingi mno kwa walio wengi, sikatai. Saa moja inatosha kuanza.

Kusikiliza mtoto akisoma kunaonekana hakuhitaji ufundi, lakini kunao. Bibi ameketi kwenye kiti kifupi, mtoto upande wake wa kulia, kitabu kati yao, kidole cha mtoto chini ya mstari. Mtoto anafika kwenye neno, anasita. Mtu mzima asiyejua atalitaja neno hapo hapo, na mtoto atajifunza kwamba ukinyamaza unapewa jibu. Kuna mbinu iliyoandaliwa New Zealand na Stuart McNaughton, Ted Glynn na Viviane Robinson yenye hatua tatu: ngoja, dokeza, sifu. Ngoja angalau sekunde tano. Hesabu kimoyomoyo, utaona zilivyo ndefu. Akishindwa, dokeza: kama alichosoma hakileti maana, muulize kinachotokea kwenye hadithi, kama kinaleta maana lakini si neno lililoandikwa, mwambie aitazame silabi ya kwanza. Akishindwa tena, mpe neno na msonge mbele. Akijirekebisha mwenyewe, sifu jambo hilo hasa: "Umerudi ukalisoma tena, vizuri." Kusema "hongera" tu hakumwambii alichofanya vyema.

Sasa linganisha na kusaidia ndani ya darasa lenyewe: kugawa madaftari, kuchonga penseli, kukaa na kundi la nyuma wakati mwalimu anafundisha. Kazi hii inampunguzia mwalimu mzigo, na katika darasa la watoto wengi inaweza kuwa ndiyo anayoitamani kuliko zote. Tatizo lake ni mpaka. Mzazi aliyeko darasani huvutwa na mtoto wake mwenyewe, naye mtoto huanza kudeka au kuona haya. Ningemshauri mzazi aombe darasa ambalo mtoto wake hayumo. Babu na bibi huweza kukaa hata darasa la mjukuu, wala sijui kwa nini wao hawaleti mtafaruku uleule. Labda kwa sababu hakuna anayewaogopa.

Vyovyote utakavyochagua, shule yenye busara itakuuliza maswali kabla ya kukupokea, na nchi nyingi zinataka anayefanya kazi na watoto achunguzwe kwanza. Usichukie. Usikae na mtoto peke yenu chumba kikiwa kimefungwa, usimpige picha, na uliyoyaona kuhusu mtoto wa jirani kushindwa kusoma yabaki shuleni. Msaidizi anayesimulia mtaani nani hajui kusoma amefanya madhara makubwa kuliko asingekuja kabisa.

Kazi za njiani nitazigusa kwa kifupi. Kuwasindikiza watoto kwa kundi kwenda shule kwa miguu, kila mtu mzima akishika siku yake, ni wazo lililoenea kutoka Australia miaka ya 1990, na linawafaa sana waliostaafu ambao bado miguu inawabeba. Halifundishi kusoma, lakini linawafikisha watoto kwa wakati, tena wakiwa salama.

Kanuni ninayoisimamia kwenye kutoa muda: saa moja kila wiki kwa muhula mzima ni bora kuliko wiki nzima mara moja. Watoto huhesabu siku. Ukisema Jumanne, kuna mtoto anayekusubiri Jumanne.

Kiti cha kamati au swali moja mkutanoni

Baada ya Jaunpur, mtu anaweza kudhani kamati hazina maana. Si hivyo. Kamati isiyo na mamlaka wala kazi mahususi ndiyo isiyo na maana.

Magharibi mwa Kenya, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule zilizopewa fedha za kuajiri mwalimu wa ziada wa mkataba. Katika baadhi, kamati ya wazazi ilipewa mafunzo ya kumsimamia: namna ya kumsaili, kuyafuatilia mahudhurio yake, na kuamua kama mkataba uendelee. Pasipo mafunzo, baadhi ya nafasi ziliangukia jamaa wa walimu waliokuwepo. Palipo na mafunzo, mtindo huo ulipungua na wanafunzi wakafaidika zaidi. El Salvador, kuanzia 1991, mpango wa EDUCO uliwapa vyama vya wazazi vijijini uwezo wa kuajiri na kuachisha walimu. Denmark, wazazi ndio walio wengi kwenye bodi ya kila shule ya msingi ya umma. Huko kiti kina uzito.

Kwa hiyo kabla ya kukubali jina lako lipendekezwe, omba kumbukumbu za vikao vitatu vilivyopita. Zisome ukitafuta jambo moja: kuna uamuzi uliofanyika kwa sababu kamati imeukubali au imeukataa? Kama kila kikao kinamalizika kwa "wajumbe walitaarifiwa", ujue kiti hicho ni cha kukalia tu. Kama kuna bajeti iliyorekebishwa, mzabuni aliyekataliwa, au barua iliyotumwa wilayani na kujibiwa, kubali, na uwe tayari kwa vikao vinavyochelewa kuanza.

Usidharau pia nguvu ya mtu asiye na kiti. Uganda, Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku za serikali kwa shule za msingi wakakuta kwamba kati ya 1991 na 1995 wastani wa asilimia 13 tu ndiyo iliyofika shuleni. Serikali ilipoanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa, na shule kutakiwa kukibandika hadharani, sehemu iliyofika ilipanda sana. Wapo waliosema si magazeti pekee yaliyoleta mabadiliko hayo, kwani mambo mengine nayo yalirekebishwa wakati uleule. Hata hivyo mzazi anayejua kiasi kilichotumwa anaweza kusimama mkutanoni na kuuliza swali moja, lenye namba, kwa adabu. "Mwalimu mkuu, ruzuku ya muhula huu iliyoingia ni kiasi gani, na imebandikwa wapi?" Swali hilo halihitaji uchaguzi. Babu aliyewahi kuwa karani au mweka hazina hulifanya vizuri kuliko kijana mwenye hasira.

Historia inatoa funzo dogo hapa. Chama kikubwa cha wazazi na walimu nchini Marekani kilizaliwa Washington mwaka 1897 kama kongamano la akina mama, likiongozwa na Alice McLellan Birney na Phoebe Apperson Hearst. Walipigania elimu ya watoto wadogo, afya, na sheria dhidi ya ajira za watoto. Vyama vingi vya wazazi leo vinajulikana zaidi kwa kuchangisha. Sioni kama huko ni kukua.

Na makundi ya WhatsApp ya wazazi? Msimamizi mmoja makini, sheria ya kutotuma salamu za asubuhi, na tarehe zote kubandikwa juu. Bila hivyo, tangazo la mtihani litazama chini ya maombi, video na matangazo ya biashara, nawe utalisoma siku mbili baada ya mtihani.

Kazi za nyumbani, kusoma, au kuhakikisha anafika

Msaada usioonekana na mtu yeyote hutolewa nyumbani, na ni msaada kwa shule vilevile. Mwalimu ndiye wa kwanza kuuona.

Kusaidia kazi za nyumbani ndilo jambo ambalo wazazi hulitaja kwanza, na ndilo ninalolipa alama za chini. Uchambuzi wa Nancy Hill na Diana Tyson wa mwaka 2009, uliokusanya tafiti 50 kuhusu wanafunzi wanaokaribia au walioingia ujana, ulikuta kwamba kusaidia kazi za nyumbani hakukuendana na matokeo mazuri. Sehemu ya sababu iko wazi: anayesaidiwa sana ni yule ambaye tayari amekwama. Kilichoendana zaidi na matokeo mazuri ni mzazi kuzungumza na mtoto kuhusu thamani ya masomo, malengo yake, na jinsi atakavyoyafikia. Utafiti wa 2015 wa Erin Maloney na wenzake, uliohusu watoto wa darasa la kwanza na la pili, ulikuta jambo linalouma zaidi: mzazi mwenye hofu ya hesabu anayemsaidia mtoto hesabu mara kwa mara humrudisha nyuma, na mtoto huchukua hofu ileile. Wazazi wenye hofu hiyo ambao hawakusaidia sana hawakuleta madhara hayo. Kama hesabu zinakutoa jasho, mpe mtoto meza, taa na muda wa utulivu, halafu umwachie mwalimu madaftari yenye makosa. Makosa yanamwambia mwalimu kitu. Majibu uliyoyasahihisha usiku hayamwambii chochote.

Kusoma pamoja kunashinda, na kunashinda kwa mbali. Takwimu za mwaka 2009 za PISA, mtihani wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, kutoka nchi 14 zilizowauliza wazazi, zilionyesha kwamba wanafunzi ambao wazazi wao walisoma nao vitabu mara kwa mara walipoingia darasa la kwanza walikuwa na alama za juu zaidi za kusoma, hata walipolinganishwa na wenzao wa familia zenye hali sawa ya maisha. Babu asiyejua kusoma naye yumo: mtoto asome, babu aulize "halafu akamjibuje?"

Mahudhurio ndiyo yanayodharauliwa kuliko yote, ilhali hayana gharama kwa familia nyingi. Huko Philadelphia, Todd Rogers na Avi Feller walifanya jaribio lililohusu familia zaidi ya 28,000, nyingi zikitumiwa barua kuhusu siku ambazo mtoto alikosa shule. Utoro sugu ulipungua kwa asilimia 10 au zaidi. Wazazi hawakuwa wazembe. Walidhani mtoto amekosa siku chache kuliko zile halisi. Jaribu mwenyewe. Taja kwa kichwa siku ambazo mtoto wako amekosa tangu muhula uanze, kisha muulize mwalimu wa darasa.

Mabibi watanisamehe, lakini siku nyingi za kukosa huanza na sauti ya upole inayosema "mwache apumzike leo". Homa ni homa. Mvua, mgeni, na "analia kidogo" si homa.

Yote kwa jicho moja

| Njia | Inakugharimu nini | Inasaidia nini | Inapoharibikia |
|---|---|---|---|
| Fedha yenye kazi iliyotajwa | Kipato | Mahitaji ya haraka | Pasipo na hesabu za wazi |
| Vitu | Kipato na usafiri | Kile tu mwalimu alichoomba | Vinapoletwa bila kuuliza |
| Kusikiliza watoto wakisoma | Saa moja kwa wiki, asubuhi | Kusoma, moja kwa moja | Ukikosa kuja |
| Kamati yenye mamlaka | Jioni nyingi, subira | Shule nzima | Undugu na kupiga muhuri tu |
| Mahudhurio na kusoma nyumbani | Uthabiti | Mtoto wako na darasa lake | Huruma isiyo na sababu |

Nani achague nini

Mzazi anayefanya kazi kutwa nzima na kurudi usiku asijilaumu kwa kutoonekana shuleni. Mahudhurio, ukurasa mmoja wa kusoma kabla ya kulala, na mchango mdogo wa kila mwezi vinatosha. Akibakiwa na jioni moja kwa mwezi, aende kwenye mkutano na swali lake lenye namba.

Babu au bibi mwenye afya na asubuhi tupu: kusikiliza watoto wakisoma, bila kufikiri mara mbili. Aliyewahi kuwa fundi seremala au fundi umeme, mwambie mwalimu mkuu una mikono miwili na siku moja kwa mwezi. Dawati lililolegea hurudi darasani siku hiyohiyo, na ni nafuu kuliko kununua jipya. Aliye mbali anunue nakala mbili za kitabu kimoja, moja abaki nayo, moja ampe mjukuu, na simu ya Jumapili iwe ya kusoma.

Mwenye ujuzi wa hesabu za fedha ndiye pekee ningemsukuma kwenye kamati hata kama hataki. Mwenye hasira na mwalimu fulani asiende kwenye kamati. Aende kwa mwalimu huyo, kwa miadi, peke yake, saa ambayo hakuna wanafunzi wanaosikia.

Jambo linaloleta mvutano ni mzazi na bibi kuzungumza na shule kila mmoja kivyake. Mwalimu anaambiwa na mama kwamba mtoto abaki kwa masomo ya ziada, bibi anakuja saa nane kumchukua. Kubalianeni nani anatia sahihi, nani anapigiwa simu mtoto akiugua, na nani anahudhuria kikao cha matokeo, kisha muandikie mwalimu wa darasa majina hayo na namba za simu. Bibi akiwa ndiye mlezi wa kila siku, aandikwe hivyo shuleni, asibaki akiitwa "yule bibi yake" huku taarifa zote zikienda kwa mzazi aliye mji mwingine.

Ukifika wakati wa kuacha, iwe ni kwa sababu ya afya, kazi au kuhama, mpe mwalimu taarifa ya mwezi mmoja. Umwachie karatasi yenye majina ya watoto uliokuwa ukiwasikiliza, kitabu cha kila mmoja, ukurasa aliofikia, na maneno yanayomsumbua. Atakayechukua nafasi yako ataanzia hapo.